Mlinzi na Mlindwa katika Kongo

Neno ulinzi lina watu wawili ndani yake, mlinzi na mlindwa. Mkulima wa mpunga amwekapo mtu wa kuamia ndege humwonyesha mipaka ya majaruba yake, humweleza ni saa gani ndege hushuka kwa wingi, na jua lichwapo huja kutazama masuke. Yakiwa yameliwa, mwamiaji huulizwa. Na asipokuwa na jibu la kuridhisha hupoteza ujira wake. Hakuna katika desturi hiyo jambo la ajabu. La ajabu lingekuwa mwamiaji aliyeajiriwa na mtu wa mji wa mbali, anayepewa maagizo kwa lugha asiyoijua mkulima, anayebadilishwa kabla hajajua njia ya kwenda kisimani, na ambaye mpunga ukiliwa humjibu yule aliyemwajiri tu, wala si yule atakayelala na njaa. Mpango wa namna hiyo ungechekwa na watoto. Ndio mpango ambao mataifa ya dunia yaliuweka mashariki ya Kongo, wala hakuna aliyethubutu kuucheka, kwa kuwa waliofukiwa ardhini kwa sababu yake ni wengi mno.

Baraza la Usalama lilianzisha ujumbe uitwao MONUC tarehe 30 Novemba 1999, baada ya mkataba wa Lusaka kutiwa saini. Mwezi wa Februari 2000, kwa azimio namba 1291, askari wake waliruhusiwa kuwalinda raia waliokabiliwa na hatari iliyo karibu, kwa kadiri ya uwezo wao na mahali walipo. Tarehe 1 Julai 2010 jina likageuzwa kuwa MONUSCO. Kwa miaka mingi ujumbe huo ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa iliyopata kutumwa na Umoja wa Mataifa, na gharama yake ilizidi dola bilioni moja kwa mwaka. Robo ya karne ilipotimia, mji wa Goma ulikuwa umekwisha kutekwa na waasi mara mbili mbele ya macho ya walinzi hao, mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012, na mara ya pili mwishoni mwa Januari 2025.

Wanaojadili mambo haya aghalabu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema kuwa walinzi walifungwa mikono. Kwamba laiti wangalipewa amri ya kupiga, silaha nzito na ndege za kutosha, Kivu ingalikuwa imetulia zamani. Kundi la pili husema kuwa wageni hawawezi kuleta amani, na dawa ni wafungashe virago waende zao. Makundi haya hutukanana kama mahasimu, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili huliona jambo hili kuwa ni hesabu ya bunduki, la kwanza likitaka ziongezwe na la pili likitaka ziondolewe. Wala hakuna kati yao linalouliza swali la mkulima wa mpunga: mlinzi huyu hujibu kwa nani? Na jibu, ukilitafuta katika miaka yote ya ulinzi huo, ni kwamba amekuwa akijibu kwa kila mtu isipokuwa yule anayelindwa. Hapo ndipo penye ugonjwa. Bunduki zikiongezwa juu yake hautibiki, na zikiondolewa hautibiki.

Kiwanja ni mji mdogo katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba 2008 ulitekwa na waasi wa CNDP, waliokuwa chini ya Laurent Nkunda. Tarehe 4 Novemba wapiganaji wa Mai-Mai waliwashambulia waasi hao. Waasi wakaurudisha mji mikononi mwao, kisha, siku hiyo na ya pili yake, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaua watu, hasa wanaume na vijana wa kiume, kwa hoja kwamba kila mwanamume aliyebaki mjini ni adui. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria waliouawa kuwa kama 150. Kambi ya Umoja wa Mataifa, yenye askari wa Bara Hindi wapatao mia moja, ilikuwa umbali usiotimia maili moja. Mtu mzima huutembea mwendo huo kwa muda wa kupikia chai.

Kwa nini hawakutoka? Agizo la kuwalinda raia lilikuwapo tangu miaka minane nyuma; kwa hiyo si kweli kwamba walikatazwa. Mkuu wao alieleza baadaye kwamba hawakujua kuwa mauaji yanatendeka mpaka yalipokwisha. Walikuwa wachache, walishughulika kuwaondoa wafanyakazi wa mashirika ya misaada na kumtafuta mwandishi wa habari wa kigeni aliyetekwa, hawakuwa na njia ya kupata habari za mjini, na hawakuwa hata na mkalimani wa lugha za mahali pale. Maelezo hayo yanastahili kusomwa polepole. Hayakutolewa na mwongo wala mwoga. Yalitolewa na askari wa kazi aliyesema kweli. Na kweli yenyewe ni mbaya kuliko uongo. Mji mzima ulikuwa ukipiga kelele, na mlinzi aliyekuwa mlangoni hakuwa na sikio la kusikilizia. Angalikimbia mwanamke hadi penye waya wa kambi na kueleza yanayotendeka mtaani kwake, kwa Kiswahili, au kwa Kinande, au kwa Kinyarwanda, angaliyaeleza kwa mtu aliyemtazama midomo tu.

Lugha iliyokosekana Kiwanja haikuwa ya siri. Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja katika lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Husemwa Bunia na Lubumbashi, Kisangani na Kalemie; kilifika Nyangwe na Kasongo na misafara ya wafanyabiashara kabla Mbelgiji hajatia mguu wake huko, na ijapokuwa njia kilizopita zilikuwa na minyororo ya watumwa, wenyeji walikifanya kuwa chao, wakasomeshea na kuchumbiana. Watu wakisemao wako tele Bujumbura, Nairobi na Dar es Salaam. Shirika lililoweza kusafirisha helikopta na magari ya deraya kutoka upande wa pili wa dunia halikushindwa kumpata mkalimani mmoja kwa sababu ya umaskini. Lilishindwa kwa kuwa mkalimani hakuhesabiwa kuwa ni silaha. Katika orodha ya vitu ambavyo kambi haiwezi kufunguliwa bila ya kuwa navyo, maji yalikuwamo, na mafuta ya mitambo, na chakula cha mapishi ya nyumbani kwao askari. Sauti ya mlindwa haikuwamo.

Walakini ujumbe huo haukuwa bubu. Mwaka wa 2002 uliisaidia kuzaliwa Radio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa. Ni redio njema. Wasikilizaji wake ni wengi, na watangazaji wake wamefanya kazi ya ushujaa. Lakini angalia namna jambo lilivyo. Ulipotaka kusema na watu, Umoja wa Mataifa ulikijua Kiswahili tangu mwaka wa 2002. Ulipotakiwa kuwasikia, mwaka wa 2008, ulikuwa haukijui. Chombo chenye mdomo bila ya sikio kina jina lake katika maisha ya watu, nalo si ulinzi. Kadhalika, ripoti za Katibu Mkuu juu ya Kongo hutoka katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Mtu wa Beijing aweza kusoma kwa lugha ya mama yake ni nini kilichowapata watu wa Rutshuru. Mtu wa Rutshuru, asipokuwa amesoma Kifaransa shuleni, hawezi kusoma kilichoandikwa juu ya mauti ya jirani zake, wala kusema kwamba kimeandikwa kombo.

Watetezi wa ujumbe wana jibu, na haki yatupasa kulipa nafasi. Watasema kwamba funzo la Kiwanja lilipokewa. Kwamba tangu mwaka wa 2009 timu za kuchunguza usalama wa raia zilitumwa vijijini, na kuanzia mwaka wa 2010 waliajiriwa wenyeji wa kuwaunganisha makamanda na wananchi, wakawekwa kambini pamoja na askari, wakagawa simu na kujenga mtandao wa tahadhari. Hayo ni kweli, na wale walioajiriwa ni watu wa kuheshimiwa. Walilala katika hatari ileile ya majirani zao, kisha wakaongeza hatari ya kujulikana kuwa ndio wapelekao habari. Kama mtu atatafuta ni akina nani walioifanya kazi ya ulinzi wa amani kwa maana yake halisi katika Kongo, atawakuta wengi miongoni mwa vijana hao wa Kivu na Ituri waliokuwa na kitambulisho cha buluu na simu mbili mfukoni.

Lakini usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, katika bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, waliuawa watu wasiopungua thelathini, wengine wakiwa katika ibada ya usiku. Safari hii habari zilifika. Watu walipiga simu, simu zikapokewa, maneno yakafahamika. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa kilometa chache tu. Msaada haukuja kwa wakati wa kufaa kitu, wala jeshi la serikali lililokuwa karibu halikuja. Kiwanja sikio lilikosekana. Mutarule sikio lilikuwapo, na aliyesikia hakuona kuwa alilosikia lamlazimu. Kwa hiyo yule asemaye kuwa taabu yote ni ya ukalimani hajafika mwisho wa jambo. Sikio ni mlango tu. Anayebisha mlangoni apasaye kufunguliwa ni yule ambaye asipofunguliwa aweza kulipisha, na mtu wa Mutarule hakuwa na uwezo wa kumlipisha mlinzi wake chochote.

Nani basi aliyekuwa na uwezo huo? Mlinzi wa amani ana mabwana watatu. Wa kwanza ni Baraza la Usalama, ambalo humpa agizo na fedha, na ambalo wakubwa wake watano hawajakaribia kuwa ndio watoao askari wengi. Wa pili ni serikali ya nchi atokayo, ambayo kamanda huiuliza kwa simu kabla ya kuwatoa watu wake usiku. Na serikali hiyo, yenye wapiga kura wake na makaburi yake, haina sababu kubwa ya kutaka vijana wake wafe kwa ajili ya kijiji isichoweza kukionyesha kwenye ramani. Wa tatu ni serikali ya nchi alikotumwa, ambayo isipokubali hawezi kukaa. Kila mmoja wa hao watatu aweza kumwita, kumzuia au kumfukuza. Mwenye mtaa wa Kiwanja hawezi hata moja la hayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuona haja ya kuongeza kwamba mwenyeji lazima awe ndiye aliyeitika hodi.

Kasoro hii haikuanza mwaka wa 1999. Julai 1960, Kongo ikiwa na uhuru wa siku chache tu, ni Patrice Lumumba pamoja na Rais Kasavubu walioomba msaada wa Umoja wa Mataifa, na jeshi la ONUC likaja, likafikia karibu watu 20,000. Miezi michache baadaye Lumumba, aliyekwisha kuondolewa madarakani, alikuwa akilindwa nyumbani kwake Léopoldville na askari wa Umoja huo, huku askari wa Mobutu wakiizunguka nyumba kwa nje. Tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka. Umoja wa Mataifa ukashikilia kwamba ulinzi wake ulikuwa wa nyumba ile tu. Aliyevuka kizingiti amejitoa mwenyewe ulinzini. Akakamatwa mwanzoni mwa Desemba, na tarehe 17 Januari 1961 akashushwa kutoka ndege uwanjani Elisabethville, amefungwa na kupigwa, mbele ya askari wachache wa Sweden wa Umoja wa Mataifa waliokuwa zamu pale. Usiku ule aliuawa pamoja na Mpolo na Okito. Mwezi uliofuata Baraza likapitisha azimio la kuruhusu nguvu kutumika ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kama huyo aliyewaita walinzi, tena Waziri Mkuu, hakuwa na neno juu yao walipokwisha kufika, sembuse mchuuzi wa ndizi wa Mutarule.

Yafaa kueleza zaidi jambo la bwana yule wa tatu, kwa maana ndilo lililofanya mashariki ya Kongo pawe mahali pa kutatanisha kuliko mahali pengi. Mwaka wa 2009 jeshi la serikali lilianzisha mapambano dhidi ya waasi wa FDLR katika Kivu, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukalisaidia kwa chakula, mafuta na usafiri. Mapambano hayo yaliitwa Kimia, neno la Kilingala lenye maana ya utulivu na amani. Kilingala ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi tangu siku za Wabelgiji, na wanakijiji wengi wa Kivu hukijua kwa kukisikia kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Katika Kimia hiyo askari wa serikali nao waliua raia, wakabaka, wakachoma nyumba, hata Novemba 2009 wakuu wa ulinzi wa amani wakalazimika kusimamisha msaada kwa brigedi moja ya jeshi hilo. Mwanakijiji basi aliona nini? Aliona gari jeupe likimletea mchele mtu aliyemchomea nyumba, kisha akaambiwa redioni, kwa Kiswahili safi, kwamba gari jeupe limekuja kumlinda. Wanaoshangaa kwa nini watu wa Kivu walikuja kuwachukia walinzi wao hawana haja ya kutafuta mchochezi.

Kundi la wapenda bunduki hupenda kulitaja jambo la mwaka wa 2013. Baada ya aibu ya Goma, Baraza, kwa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi, liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati, yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, ikiwa na ruhusa ya kuwashambulia waasi hata kabla hawajashambulia. Kabla Novemba haijakwisha waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Hapana shaka nguvu ilikuwa na sehemu yake. Lakini na tukio hili lisomwe lote. M23 walishindwa mwaka ule jeshi la serikali likipigana vizuri kuliko desturi yake, na wafadhili wa Rwanda wakiwa wameubana mkono wake. Mambo hayo yalipogeuka, M23 walirudi, na mwaka wa 2025 wakauteka Goma na Bukavu. Waasi wa ADF, waliochinja raia kwa mamia katika nchi ya Beni, brigedi ileile haikuwaweza. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa usiku, na Watanzania 15 wakafa wakiilinda. Hakuna anayestahili kusema kuwa walikosa moyo.

Na kwa hao Watanzania kuna jambo ambalo mpenzi wa Kiswahili asingependa kuliandika, walakini lazima liandikwe. Hao ndio walinzi ambao mlindwa aliweza kuzungumza nao. Kiswahili cha Beni si cha Morogoro, na kila mmoja humcheka mwenzake kwa maneno yake. Lakini mama muuza mihogo aliweza kumwambia askari habari ya watu aliowaona msituni, na askari aliweza kumwuliza ni wangapi na wameelekea wapi. Kama lugha peke yake ingetosha, hapo ingetosha. Nayo haikutosha. Mwaka wa 2016 zilitolewa tuhuma kwamba askari wa kikosi cha Tanzania, Mavivi, karibu na Beni, waliwatumia vibaya wanawake na wasichana, na uchunguzi ukafunguliwa. Mwanamke aliyeweza kumweleza mlinzi yote yaliyomsibu hakuwa na mahali, katika nchi yake mwenyewe, pa kumpeleka mlinzi huyo kushitakiwa.

Hilo ni la kanuni, si la kabila wala taifa la askari. Kwa mkataba wa kawaida baina ya Umoja wa Mataifa na nchi itoayo askari, mwanajeshi akitenda jinai ni nchi yake pekee yenye haki ya kumhukumu. Atapelekwa kwao, kesi itasikilizwa, kama itasikilizwa, maelfu ya maili kutoka alipo shahidi, na hukumu haitasomwa kwa lugha ya aliyedhulumiwa. Baada ya fedheha ya Bunia ya mwaka wa 2004, Mwana wa Mfalme Zeid wa Jordan, katika ripoti yake ya mwaka wa 2005, alipendekeza mahakama za kijeshi zikae mahali palepale uovu ulipotendeka, ili mashahidi wafike na watu waone. Lilikuwa pendekezo la mtu aliyefahamu kwamba haki isiyoonekana na aliyedhulumiwa ni fununu tu. Halikufanywa sharti kwa mataifa yote yatoayo askari, na sababu haikufichika: nchi ambazo vijana wao ndio wanaokwenda kufa hazikutaka masharti zaidi, na nchi zilizolipa fedha badala ya vijana hazikuwa na uso wa kuzilazimisha.

Mwishowe mlindwa alisema. Kuanzia tarehe 25 Julai 2022 watu wa Goma, Butembo na Uvira walizivamia kambi za Umoja wa Mataifa kwa mawe na moto. Walikufa zaidi ya watu 30, wakiwamo walinzi wa amani, na wengi wa waliokufa walikuwa raia. Tarehe 31 ya mwezi ule, mpakani Kasindi, askari wa Umoja huo waliokuwa wakirudi kutoka likizo walifyatua risasi, na watu wakafa tena. Wanasiasa walikuwa wamechochea, hapana ubishi. Rais wa Seneti alikuwa amekwisha kuuambia umati Goma kwamba wageni hao wafungashe virago. Lakini mchochezi huhitaji kuni zilizokauka. Mtu aliyekaa miaka ishirini na mbili bila ya njia yoyote ya kumwuliza mlinzi wake swali, siku atakapopata njia, swali lake litakuwa jiwe. Wala si sifa kwake, kwa kuwa jiwe halichagui kati ya aliyelala na aliyekesha. Waliouawa Butembo hawakuwa ndio waliolala Kiwanja.

Na hapa lile kundi la pili, la waende zao, lilipata litakalo, likaonyesha nalo lilivyo kipofu. Ni serikali ya Kinshasa iliyotaka ujumbe uondoke, na Baraza likakubali Desemba 2023. Kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa kwa polisi wa Kongo tarehe 28 Februari 2024, na mwishoni mwa Juni mwaka ule Kivu ya Kusini yote ikaachwa. Katikati ya Februari 2025 Bukavu ikatekwa. Si lazima mtu adai kuwa walinzi wangeizuia Bukavu isitekwe. Goma walikuwapo, na ikatekwa. Lakini Goma ilipoanguka, askari wengi wa serikali walionyang'anywa silaha, pamoja na watu wengine waliohofia roho zao, walikimbilia ndani ya kambi za Umoja wa Mataifa, na wakapona humo. Katika Ituri vivyo hivyo, wakimbizi wa ndani wa kambi ya Rho, katika Djugu, walilala karibu na kituo cha askari wa buluu kwa kuwa mbali nacho waliuawa. Hawa hawakuulizwa kama wanataka walinzi waondoke, kama vile hawakuulizwa walinzi walipokuja. Kuondoka kulikadiriwa kwa mizani ileile ya kuja: ya Kinshasa, New York na miji mikuu ya watoao askari.

Itasemwa kwamba hakuna jeshi duniani linaloamriwa na wanakijiji, na kwamba nchi yoyote itakayoambiwa askari wake wahojiwe na wakulima wa Djugu haitatuma hata mpishi. Hoja hii ina uzito kidogo kuliko inavyodhaniwa. Hakuna anayetaka mkulima aongoze vita. Kinachotakiwa ni kwamba ahesabiwe miongoni mwa wenye kuuliza. Maana ujumbe wa amani si kwamba hauwezi kuulizwa, huulizwa mno. Kila mwaka wakaguzi wa hesabu huja kuuliza juu ya petroli, matairi na mikataba ya chakula, na kamanda aliyepoteza magari hutakiwa kueleza kwa maandishi. Mataifa yaliyokubali kuulizwa juu ya petroli hayatakufa kwa kuulizwa juu ya usiku wa Mutarule.

Mambo ya kufanywa si mengi, wala hayahitaji azimio refu. Kambi isifunguliwe kama haina wakalimani wa lugha za mahali pale, wa zamu ya mchana na ya usiku, wenye mshahara na bima ya watu walio vitani, na wasioachwa nyuma wakitafutwa na wauaji siku kikosi kiondokapo. Vikosi vibadilishwe kwa namna ambayo anayeondoka hukaa na anayekuja kwa miezi kadhaa, ili ujuzi wa njia na wa watu usipande ndege pamoja na masanduku. Kila baada ya shambulio kamanda akae hadharani kijijini, aeleze kwa lugha ya kijiji alijua nini, saa ngapi, na alifanya nini. Na maelezo hayo, pamoja na majibu ya wanakijiji, yaingie neno kwa neno katika ripoti iendayo Baraza la Usalama. Ripoti yenyewe itolewe kwa Kiswahili siku ileile itolewapo kwa Kifaransa. Askari akishitakiwa kwa kumdhulumu mtu, mahakama ya jeshi la nchi yake ije ikae Beni au Bunia, milango ikiwa wazi.

Na langoni pa kila kambi pawe na daftari. Humo iandikwe kila habari iliyoletwa na mwenyeji: siku na saa, jina la mkalimani aliyeipokea, afisa aliyepewa, hatua aliyoichukua au sababu ya kutochukua, na jibu alilorudishiwa aliyeileta. Jina la mleta habari lisiandikwe, kwa usalama wake. Apewe namba, aje kuidai. Tena nakala ya daftari hilo iwe nje ya kambi, kwa mkuu wa kijiji, au parokiani, au msikitini, mahali watakapokubaliana wenyeji wenyewe. Kwa sababu kambi hufungwa, kama ilivyofungwa ile ya Kamanyola, na makaratasi yake hufuata bendera.